Peponi nyuma ya kaunta ya kahawa: uzoefu wangu

Nimeisoma Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, karibu yote nikiwa kazini katika mgahawa wa kahawa hapa Dar es Salaam, kwa vipande vya dakika chache kati ya mteja na mteja. Naandika kwa ajili ya wasomaji wa aina yangu, wasio na saa nzima ya kukaa na kitabu. Sisi tunataka kujua kwanza kama kitabu kinavumilia kufungwa na kufunguliwa mchana kutwa.

Hiki kinavumilia, kwa sehemu kubwa. Kina sura sita, na ndani ya kila sura mna sehemu zenye namba, kwa hiyo unapata pa kutua kabla foleni ya asubuhi haijaanza. Riwaya yenyewe ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na ikaingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Tafsiri hii ni ya Ida Hadjivayanis, na ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya Gurnah kutunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kiswahili chake ni laini na kimekolea pwani, hasa katika mazungumzo.

Wengi husifu safari ya msafara wa biashara kwenda bara, lakini kilichonishika mimi ni duka. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kufidia deni la baba yake, na anapelekwa pwani kumsaidia Khalil, kijana aliyewekwa rehani kabla yake. Wawili hao wanauza duka mchana kutwa, na usiku wanatandika mikeka barazani, mbele ya duka lilelile, huku mbwa wakiwajia gizani na Yusuf akitetemeka. Khalil anawatania wateja, anawabembeleza, anajifanya mnyonge panapohitajika, kisha anahesabu fedha ambazo hata senti moja si yake. Yeyote aliyewahi kuhudumia watu atatambua kuwa bashasha ile nayo ni kazi, na inachosha kuliko kubeba mizigo. Mimi nalipwa mshahara na jioni narudi kwangu, kwa hiyo sijifananishi na mtu aliyewekwa rehani. Hata hivyo, namna Khalil anavyomsoma mteja kabla hajafungua kinywa naifahamu vizuri sana. Yupo pia Ma Ajuza, bibi anayekuja dukani na kumng'ang'ania Yusuf mbele za watu. Nilicheka kila alipotokea, na kila mara nikamkumbuka mteja wetu mmoja ambaye, kwa heshima, sitamwelezea zaidi.

Kuhusu historia, riwaya hii haimfundishi msomaji kwa kumtajia tarehe. Mapema kabisa Yusuf anawaona Wazungu wawili kwenye stesheni ya reli, na mmoja wao anamkenulia meno hata mtoto anatimua mbio. Wajerumani wanaingia katika hadithi kwa mlango huo, kisha wanazidi kusogea kupitia uvumi na hofu ya wafanyabiashara. Anayejua kuwa reli kutoka Tanga ilifika Moshi miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ataelewa mara moja kwa nini Aziz na wenzake wanazungumza kama watu wanaohesabiwa siku. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kuingiliana na kitabu. Arabika ninayoisaga ilianza kupandwa na wamisionari Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, wakati biashara ya misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikielekea ukingoni, na reli iliyowaondoa wapagazi barabarani ndiyo iliyokuja kuteremsha magunia ya kahawa hadi bandari ya Tanga. Riwaya haisimulii habari hizo, wala haikupaswa kuzisimulia, lakini tangu niisome siwezi kufungua gunia la kahawa ya Moshi bila kujiuliza ni mali gani ilipita njia hiyo kabla yake, na mabegani mwa nani.

Ugumu uko katika safari yenyewe. Watu ni wengi, miji inapishana, mnyapara Mohammed Abdalla anatisha kila anapoonekana, na ukikatizwa na oda katikati ya mambo ya Chatu, mtawala wa huko bara, inabidi urudi kurasa mbili nyuma. Tena yamo maumivu ambayo hayafai kuachwa ghafla ili ukamchemshie mtu maziwa huku unatabasamu. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba sura ya safari isomwe nyumbani, siku ya mapumziko, kwa mkao mmoja. Sehemu za dukani zinasomeka popote, hata umesimama, mradi mikono iwe mikavu.