Siku tatu za kula na kuota moto Lushoto: "chakula kipo", ila uliza kipo wapi

Nianze na malalamiko ili yaishe mapema. Mwenye nyumba tuliyoikodi huko Lushoto, milima ya Usambara, aliniambia kwenye simu, tena mara mbili, "Chakula kipo dada, muda wote." Tukafika saa tatu na nusu usiku, watu tisa, mmoja anatapika tangu Soni kule njiani, tukakuta jiko limezimwa na mpishi ameshaenda kwake. Na kweli chakula kilikuwepo: gunia la viazi, karoti, na trei ya mayai. Nikajua kuwa kwa yule baba "kipo" maana yake hakijaisha sokoni. Kupikwa ni maongezi mengine. Mlinzi, Mungu ambariki, akatuchemshia mayai na chai ya tangawizi, tukalala na masweta yetu.

Tulikuwa watu wa ofisi moja pamoja na wenza wao, tumetoka Dar Ijumaa mchana, wikiendi ya Sabasaba mwaka 2025. Sikukuu iliangukia Jumatatu, kwa hiyo tulipata usiku tatu. Shabaha ilikuwa kula vizuri, kuota moto na kulala. Nilisema mapema kwenye kundi la WhatsApp kuwa anayetaka kupanda milima atafute kundi lingine. Nyumba tuliikodi nzima: vyumba vitano, mahali pa kuwasha moto sebuleni, jiko la nje na mpishi. Mchango ulikuwa 210,000 kwa kichwa, humo humo Hiace na dereva, nyumba na chakula. Kwa bei hiyo sina la kusema.

Lawama nyingine ni yangu. Tulisimama Mombo, pale mabasi ya Moshi na Arusha yanaposimamisha watu wale, kuku wanakaangwa, wali unafuka moshi, nami nikawaambia wenzangu, "Msijaze matumbo, tutakula juu." Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini ni kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande huu na bonde upande ule. Unatoka kwenye joto la mashamba ya mkonge, unafika kwenye mita kama 1,400 meno yanagongana. Tumbo tupu na zile kona havipatani. Kuna mwenzangu hajanisamehe hadi leo.

Jumamosi saa moja asubuhi mama mpishi akaja, mtu mzima, kanga mbili na koti zito la kiume. Nikatoa simu nikamsomea ratiba yangu: kifungua kinywa, kitu cha saa nne, chakula cha mchana, chai ya jioni, nyama choma, siku zote tatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, mtapumzika saa ngapi?"

Ratiba ikafia pale. Tulikubaliana naye hivi: mlo mmoja mkubwa kwa siku, ule wa jioni, na yeye aambiwe tangu jana yake ili asubuhi apitie sokoni. Mengine ni chai, viazi vya kuchemsha na chochote kitakachopatikana. Mkienda kikundi, nawashauri mfanye hivyo hivyo. Watu tisa wakianza kujadili "tule nini" kila baada ya saa nne, wikiendi inaishia kwenye mjadala.

Na alipika. Maharage aliyabandika mchana kwenye mafiga, kuni mbili tu, moto wa taratibu, akawa anaongeza maji ya moto kidogo kidogo. Nilipomwuliza kwa nini asichochee yaive haraka akacheka tu. Mchunga, ile mboga chungu ya Tanga, aliuchemsha, akamwaga yale maji ya kwanza, akaukamua kwa mikono miwili mpaka ukawa donge dogo la kijani, halafu ndipo akautia kitunguu, nyanya na tui zito. Uchungu haukuisha, ila ulirudi nyuma. Ukaletwa na bada, ugali wa makopa, yaani muhogo mkavu, wa rangi ya udongo na wenye kunata. Kijana wetu mmoja wa Mwanza alimega tonge akanyamaza, kisha akasema, "Huu ni udaga wa kwetu." Alikula sahani tatu. Nje ukungu ulikuwa umeshafika barazani, ndani kuni za mkaratusi zinalia, na hakuna aliyeshika simu kwa saa nzima. Hiyo ndiyo niliyoilipia.

Mchana ule tulitembea hadi Irente, kilomita kama tano kutoka mjini. Pale kuna shamba la KKKT, Kanisa la Kilutheri, wanakotengeneza jibini, mkate mweusi wa nafaka ya rai, na jamu, na ukitoa oda mapema unaandaliwa chakula cha mchana bustanini. Tulitoa oda; tulikuwa tumeshapata funzo. Mkate ni mgumu na mzito, ukizoea boflo la Dar utaona unatafuna kazi, lakini upakie jibini laini na jamu juu yake. Nusu ya kundi walisema jibini linanuka soksi, nusu nyingine tukala mafungu yao. Kule kwenye mwamba wa kuangalia bonde hatukuona kitu, ukungu mtupu.

Jumapili sokoni, vichekesho. Dada mmoja alikuja na kikapu kitupu toka Dar kwa ajili ya plamu. Plamu za Lushoto ni za Desemba hadi Februari huko; Julai unakuta viazi, karoti, kabichi, njegere, liki, maparachichi. Alirudi na kabichi nne.

Maji ya moto: hita inatosha watu watatu wa mwanzo, wengine ni ndoo. Blanketi mbili kila kitanda hazitoshi, beba yako. Na hapa sina utani: usiku wa pili mhudumu alituletea jiko la mkaa tuliweke chumbani tukalale. Tulikataa. Hewa ya mkaa haionekani wala hainuki, na watu hulala nayo wasiamke. Mwenye nyumba nilimwambia hilo uso kwa uso, akasema wageni wengi ndio wanaoomba. Hata wakiomba, asiwape. Kwa hilo namkata nyota mbili kati ya tano, na ile ya usiku wa kwanza ni ya tatu. Zinabaki mbili, na zote ni za mama mpishi.

Tunarudi Januari kufuata plamu, nyumba nyingine, mpishi yule yule, kwa kuwa amekubali kuja kutupikia. Nilimpigia mwenyewe juzi. Kabla sijamaliza salamu aliniuliza tutafika saa ngapi, na kama tutakuwa tumeshakula Mombo.