Pa ami wa makaratasi, Chake: nilikotengenezea maombi yangu ya kazi ya ruzuku

Kama unataka kuomba kazi ya kutafuta ruzuku, yaani fedha za wafadhili kwa ajili ya miradi, khasa hizi nafasi za juu wanazotaka mtu aliyekwisha kuleta fedha kwa mkono wake, nenda Chake Chake, Pemba, kwa ami wa makaratasi kabla hujatuma chochote. Duka lake halina kibao. Ukifika upande wa hospitali, karibu na ngome ya zamani iliyotiwa makumbusho, ulizia steshenari yenye mashine mbili za fotokopi barazani. Utaonyeshwa. Mwenyewe ni mzee aliyestaafu uhasibu wa miradi, na wasaidizi wake ni vijana wawili.

Mimi nina miaka kumi na moja katika jumuiya ya akina mama wa mwani na upandaji wa mikoko huku Pemba. Mwezi wa sita lilitoka tangazo la shirika moja lenye makao yake London na ofisi Unguja, wanatafuta afisa mwandamizi wa ruzuku: uzoefu wa miaka saba, awe ameshaongoza maandiko ya miradi (yale ya kuombea fedha) kwa wafadhili wakubwa, aweze kusimamia watu watatu. Nafasi kama hizi zimekuwa adimu. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na shughuli za USAID, shirika lake la misaada, kufungwa rasmi Julai 1 mwaka huohuo, wengi waliokuwa kwenye miradi wamebaki bila ya kazi, na tangazo moja hugombewa na watu waliobobea. Sikutaka kubahatisha.

Nilikuwa nimeshalipa shilingi 60,000 kwa mtu wa mtandaoni anayejitangaza kwamba anaandika sivii, yaani wasifu wa kuombea kazi. Alinirudishia kurasa tano za sifa: mchapakazi, mbunifu, mwenye maono. Ami alizisoma zote, neno kwa neno, kisha akazilaza kifudifudi juu ya meza.

"Mwanangu, sijaona hata shilingi moja humu. Umeandika maandiko mengi. Mengi mangapi?"

Sikuwa na jibu. Akachukua kaunta buku, akapiga mistari kwa rula: mfadhili, mwaka, tulichoomba, kilichotoka, kazi niliyoifanya mimi mwenyewe, na kama ripoti ya mwisho ilipokelewa. Akanambia nirudi nyumbani nikayatafute mafaili, nisimjie na ya kukumbuka kichwani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na mfuko mzima. Tulikaa tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, akafunga kwenda kusali, tukaendelea mpaka alasiri. Yalipatikana maandiko 23. Yaliyopata fedha ni sita. Niliona haya kuiandika ile 23, nikamwomba tutaje yale sita tu. Alikataa kabisa. Alisema anayeijua kazi hii anajua maombi mengi hukataliwa, na mtu anayeorodhesha ushindi mtupu ndiye atakayetiliwa shaka. Tukaandika yote mawili.

Ila pale aliponifaa zaidi ni kwenye ruzuku moja ya Umoja wa Ulaya. Sivii yangu ya mwanzo ilisema nimeleta euro 180,000. Ami akauliza mwombaji mkuu alikuwa nani. Nikamwambia jumuiya moja ya Unguja, sisi tulikuwa waombaji wenza. "Na fungu lenu?" Nikafungua mkataba: euro 42,000. Hakunigombeza. Alichukua kalamu nyekundu, akakata 180,000, akaandika 42,000 pembeni, na chini yake: "Niliandika sehemu ya kazi za Pemba na bajeti yake." Mstari mmoja tu, lakini nilipousoma nilijisikia nafuu kifuani, maana ile namba ya mwanzo ilikuwa ikinisumbua tangu nilipoiandika.

Jengine ni saa. Tangazo lilisema mwisho ni saa kumi na moja jioni kwa saa za London. Kijana wa pale alihesabu tofauti ya saa tatu, akanambia nina mpaka saa mbili usiku. Ami akamsahihisha hapohapo: mwezi wa sita Waingereza huwa wamesogeza saa zao mbele, kwa hiyo tunawatangulia kwa saa mbili tu. Mwisho wetu ulikuwa saa moja usiku. Tulituma kabla ya magharibi. Wengine hukosa kazi kwa kitu kama hichi na hawajui kamwe sababu yake.

Kasoro zipo, na nazisema kwa sababu nalitakia mema duka lile. Binti anayepiga chapa alibadilisha euro kuwa dola mahali pawili katika barua yangu. Niliyaona mwenyewe kwenye usomaji wa mwisho. Soma kila ukurasa kabla haujatoka. Intaneti yao hulegea mchana, na ami hafanyi haraka kwa ajili ya mtu yeyote. Ukimwendea siku ya mwisho utarudi na barua nusu. Wadhamini pia hakutafutii. Atakwambia mmoja wao awe mfadhili wa zamani anayeujua utendaji wako, na simu unapiga wewe.

Niliitwa usaili Unguja. Walianza na jaribio la dakika 90: muhtasari wa mradi wa kurasa mbili, na bajeti ya kukagua iliyotengenezwa kwa ajili ya Umoja wa Ulaya. Gharama zisizo za moja kwa moja, yaani za uendeshaji wa ofisi kwa jumla, zilikuwa zimewekwa asilimia 10, na wafadhili wale hawapindukii asilimia 7. Ami alikuwa ameniuliza juu ya kiwango hichohicho wiki moja nyuma, huku akifunga riboni ya bahasha. Kisha mmoja wa wasaili akaiweka sivii yangu mbele yake akauliza, katika ule mradi wa Ulaya, shilingi ngapi khasa zilipita kwenye akaunti yenu. Nilijibu kama ilivyoandikwa, na mkataba ulikuwa mkobani.

Kazi alipewa mwengine, aliyewahi kusimamia timu kubwa kuliko yangu. Niliumia. Lakini nilifika watatu wa mwisho, na walinipigia simu wenyewe kunieleza kilichonipungukia.

Gharama yote ilikuwa shilingi 35,000, nikalipa mara mbili, na kuprinti unalipia mbali. Ijumaa hufunga mapema. Nenda na mafaili yako, mikataba yako, hata barua za kukataliwa, maana ataziuliza. Mimi nakwenda tena Jumamosi hii: kuna tangazo jengine linafungwa mwisho wa mwezi, na ile kaunta buku sasa ina mstari wa 24.