Dawa ya kutu kwenye Land Rover 109: ilipofanya kazi na ilipogoma

Nimetumia lita 2 za dawa ya kugeuza kutu kwenye Land Rover 109 Series III aliyoiacha baba, kazi yote nikiifanya uani kwangu Mwanga, Kigoma. Mwenye haraka achukue jibu hili: kutu ya juu juu dawa inaiweza vizuri. Ila kwa chesisi yangu, nusu ya hela niliimwaga chini.

Kwanza ile kauli ya kijiweni kwamba Land Rover hailiwi na kutu. Bodi ni alumini, sawa. Chesisi ni chuma, na ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva nao ni chuma. Huku watu hulisingizia ziwa, wakati maji ya Tanganyika ni baridi, hayana chumvi. Iliyoila gari hii ni chumvi ya Uvinza. Baba alibeba magunia kwenda Kasulu miaka na miaka, mara nyingi yakiwa bado mabichi. Maji yanachuruzika sakafuni, yanapenya kwenye viungio, yanatuama chini. Hata alumini haikupona: kila inapogusana na chuma imetoa unga mweupe kama sembe.

Dawa niliiagiza Dar, ikaja kwa basi. Chupa moja ilifika imevuja kifunikoni, na muuzaji tangu hapo hapokei simu. Ni maji yenye asidi ya fosforiki. Yakikutana na kutu ya kahawia, kutu inageuka nyeusi. Nilianza na fremu ya viti na springi za nyuma. Nikapiga brashi ya waya mpaka magamba yakaisha, nikafuta grisi kwa thina, nikapaka kivulini. Kufika jioni ilikuwa nyeusi kama tako la chungu. Kesho yake nikapaka redi oksaidi, ile rangi ya msingi ya chuma, mara mbili. Hiyo ilikuwa Novemba, mvua zimeshaanza, na msimu mzima umepita sijaona hata doa. Kipande kimoja cha springi nilikisugua kikang'aa, nikakiacha bila kitu ili nilinganishe. Kulipokucha kilikuwa na rangi ya chungwa. Vaa glavu, lakini. Nilikuwa na kidonda kidoleni, nusura nipige yowe.

Kosa langu lilikuwa tamaa. Ule weusi ulinidanganya, nikapaka chesisi nzima, nikaiona imepona. Nikamwita fundi mmoja mzee wa kuchomelea, aje arudishie tu mkono mmoja unaoshikilia bodi. Hakuwasha hata mashine. Alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga kutoka mbele kurudi nyuma. Ngo, ngo, ngo. Karibu na springi ya nyuma kushoto: pu. Akaomba bisibisi, akaisukuma kwa kiganja, ikazama hadi mpini. Alipoichomoa, unga wa kutu ukamwagika kama vikombe viwili.

"Mwanangu," akasema, "umempaka wanja mgonjwa."

Chesisi hii ni boksi, ndani ina uwazi, na kutu ilianzia huko ambako brashi yangu haifiki. Tena dawa inageuza kutu iliyopo tu. Chuma kilichokwisha kuliwa hairudishi. Tukashusha tangi la mafuta lililo chini ya kiti, tukachomoa waya za betri, mzee akakata kwa grainda mpaka kwenye chuma kinacholia, akachomelea bamba la milimita 2. Dawa yangu ya pale ilibidi isagwe yote kwanza, maana ukichomelea juu yake moshi unakaba koo na weldi inatoka na vitundu. Kuna aliyenishauri nizibe kwa puti. Mlangoni labda. Kwenye chesisi inayobeba mzigo, usithubutu.

Niliposema niagize dawa nyingine ya kuingia kule ndani, mzee alicheka, akanyoosha kidole upande wa bandari. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen mwaka 1916 walizipaka injini zake grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Basi tukayeyusha grisi kwenye oili, tukaipuliza kupitia matundu ya kutolea maji kwa bomba bovu la kupulizia dawa shambani. Jirani yeye alipendekeza mawese. Kigoma mawese ni dawa ya kila kitu, lakini hapana. Harufu ya ile oili ilikaa uani wiki nzima, na kuku wake mmoja bado ana mabaka meusi.

Dawa naipa nyota 3 kati ya 5. Ningeipa 4 kama kwenye lebo wasingechora gari lenye matundu. Chupa ya pili imebaki robo, nimeiweka kwa ajili ya bawaba za milango. Ule ukuta wa miguuni mwa dereva nimeshaugonga kwa nyundo, na bamba lake nimeshanunua.