Mapitio: Kamusi ya mtumba, barabara ya Tom Mboya, Nairobi, shilingi 600

"Madam, yogati iwekwe wapi?"

Ndivyo mteja wangu wa barabara ya Luthuli alivyonisalimia kwa simu, asubuhi, kabla sijanywa chai. Anauza vyombo vya umeme vya jikoni, na mimi humtafsiria vile vikaratasi vya maelezo vinavyokuja ndani ya boksi. Safari hii ilikuwa mashine ya kutengeneza yogati. Karatasi yenyewe kurasa mbili, herufi kama sisimizi. Niliifanya usiku, stima ikapotea mara mbili, na pale Kiingereza kiliposema yogati iachwe mpaka iwe "set", mimi nikaandika "acha yogati iwekwe". Nakala 200 zilikuwa zimeshachapwa.

Nikaichukua karatasi ile na kalamu nyekundu. Neno hilo moja, set, lilikuwamo mara tisa. Kuna set ya chupa saba za glasi. Kuna kutega saa. Kuna kupanga joto. Kuna kutoiweka mashine mahali penye maji, na kuna kutenga maziwa kando baada ya kuyakoroga. Halafu hiyo yogati ya fedheha. Zote nilizipitisha mlango mmoja wa "weka", kwa sababu kamusi ya kwenye simu ilinipa jibu la kwanza nami nikalipokea kama chenji ya matatu, bila kuhesabu.

Siku hiyo hiyo nikashuka tao kutafuta kamusi ya karatasi.

Niliipata kando ya Tom Mboya, kwa kijana aliyetandaza vitabu juu ya nailoni: vya shule, Biblia, riwaya zilizopauka, na vile vya kukufundisha utajiri kufikia Desemba. Ni Oxford Advanced Learner's, ya Kiingereza kwa Kiingereza, toleo la saba, la 2005. Alianza na 900, akiniita siste. Niliposema 400 nikageuka mathe. Tukaachana 600, nikalipa kwa M-Pesa. Mgongo umeshikwa na selotepu ya kahawia. Mfuko wa sidii upo kwenye jalada la nyuma, sidii haipo. Aliyekuwa nayo kabla yangu alipiga mistari ya penseli chini ya maneno ya kutongozea na hakugusa mengine, natumaini alifaulu.

Ukinunua kamusi ya mtumba, usitazame jalada. Fungua S, kwa sababu katika kamusi ya Kiingereza hiyo ndiyo herufi nene kuliko zote, halafu tafuta set. Kurasa zake zikiwa zipo na zinasomeka, lipa.

Yangu zilikuwapo, na nilizisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya matatu. Kilichonifurahisha ni kwamba kila maana imetanguliwa na neno dogo la kukuonyesha njia: hapa ni mambo ya saa na mashine, hapa ni meza, hapa vito, hapa nywele, hapa mfupa, hapa jua na mwezi, hapa kitu kinachokuwa kigumu. Huhitaji kusoma ukurasa mzima. Unashuka kwa kidole mpaka ukute jambo lako. Kamusi hii haikuandikiwa Waingereza, na ndiyo maana inatufaa. A. S. Hornby na wenzake wawili waliitunga wakifundisha Kiingereza Japani, ikatoka mara ya kwanza Tokyo mwaka 1942, ndipo Oxford wakaichapa mwaka 1948. Imetungwa na watu waliozoea kuulizwa maswali na mgeni wa lugha.

Ile kamusi kubwa ya Oxford, ya wenyewe, ni habari nyingine. Katika toleo la pili la mwaka 1989, lenye majuzuu 20, hakuna neno lililochukua nafasi kubwa kuliko kitenzi set: maana zipatazo 430, kwa maneno yapatayo 60,000. Hiyo ni riwaya nzima. Baadaye run likalipita. Mhariri Peter Gilliver alilishughulikia kwa miezi tisa na kufikisha maana 645. Habari hiyo ilinipoza kidogo. Mtu wa kazi yake, miezi tisa kwa neno moja; mimi karatasi nzima kwa usiku mmoja, na mshumaa.

Tena set ni maneno mawili yaliyofanana sura. Lile la kitendo limezaliwa na sit: ni kukifanya kitu kikae. Sisi tuna keti na ketisha, kaa na kalisha. Wao wamebadilisha irabu tu. Set ya sufuria ilikuja kwa njia nyingine, ikipitia Kifaransa cha kale, kutoka Kilatini secta, yaani kundi la wafuasi. Mtafsiri akijua hilo hahangaiki kutafuta neno moja la kufunika yote. Halipo.

Hapo ndipo ilipo kasoro, kama ni haki kuiita kasoro. Kamusi inakugawia maana vizuri sana, halafu inakuacha mlangoni. Kiswahili chake utakitafuta kwa miguu. Mimi nilianza kwa dada wa ATM ya maziwa, ile mashine ya kuuzia maziwa, hapo chini ya ploti yetu.

"Mala ikishakuwa tayari, unasema imefanyaje?"

"Imeganda."

"Si watu watadhani waitie friza?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Sasa mama, maziwa mgando si huwa yako hapa mezani?"

Kweli. Ganda ni la barafu, la damu na la maziwa, na hakuna Mswahili aliyewahi kuyachanganya. Fundi wa mjengo wa jirani, nilipomuuliza kuhusu simiti, hakutaka hata kusikia "ganda": simiti hushika. "Ikishashika hutoi hata kwa nyundo," akasema, akapiga sakafu kwa kisigino kunionyesha. Mfupa huungwa. Jua huchwa, au hutua, tegemea ulikolelewa. Mtego hutegwa, na saa pia hutegwa, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka wiki hii: usiku tunaitegea asubuhi kama panya. Kwenye nywele tumeshindwa tukachukua neno lenyewe. Nenda saluni yoyote ya mtaa wa Umoja useme unataka nywele ziundwe kwa rola uone utakavyotazamwa. Ni kuseti.

Na tusiwacheke Waingereza. Mgeni anayejifunza Kiswahili akutane na piga: tunapiga pasi, deki, mswaki, picha, simu, kura, magoti, na vijana wa mtaani wanapiga luku, na katika yote hayo hakuna aliyeumia.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kama sidii ingekuwepo, ingawa kompyuta yangu haina hata pa kuitia. Kama una ile kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya mwaka 1996, usiitupe. Ziweke mbili hizi ubavu kwa ubavu. Kwa 600 sijutii. Gharama ya kuchapa upya zile nakala 200 niliilipa mimi, na hiyo siitaji hapa.

Mstari sasa unasomeka hivi: "Acha bila kutikisa kwa muda wa saa nane, mpaka igande kama maziwa mgando." Niliongeza "kwa muda wa" dakika ya mwisho, maana bila hivyo kuna mtu angetega saa aamke saa nane usiku kuifungua.

Mteja ameshaleta karatasi nyingine, ya kikaushio cha nywele. Nimehesabu set nne. Tatu nimezimaliza. Ya nne ni ya nywele zenyewe, na Jumamosi nina miadi saluni.