Alonso au Räikkönen: nani alikuwa bora 2005?

Msimu wa 2005 wa langalanga (Formula One), Fernando Alonso wa Renault na Kimi Räikkönen wa McLaren walishinda mbio 7 kila mmoja. Pointi zikasema vingine: 133 kwa 112, na Alonso akautwaa ubingwa Brazil akiwa amemaliza wa tatu tu.

Kwa kasi tupu, nampa Räikkönen. Gari lake lilikuwa moto wa kuotea mbali, ila lilikuwa na nongwa. Kwenye mbio za Imola, Italia, aliongoza, ekseli ikamwangusha. Hockenheim, Ujerumani, aliongoza tena, mfumo wa haidroliki ukafa. Mara zote mbili aliyepokea ushindi ni Alonso. Halafu injini. Kanuni ya mwaka ule ilitaka injini moja idumu mashindano mawili. Ukiibadilisha mapema, unarudishwa nafasi 10 nyuma. Monza, Italia, Räikkönen aliongoza kufuzu (majaribio ya kupanga nafasi za kuanzia), lakini kwa adhabu hiyo akaanzia nafasi ya 11. Suzuka, Japani, alianzia ya 17, akampita Fisichella mzunguko wa mwisho na kushinda. (Yule Fisichella naye alikuwa wa Renault!)

Lakini tusimwonee fundi kwa kila kitu. Nürburgring, Ujerumani, Räikkönen mwenyewe alikanyaga breki hadi gurudumu likakwama, tairi likalika upande mmoja, mtetemo ukavunja saspensheni mzunguko wa mwisho. Alonso makosa yake yalikuwa machache, Kanada akigonga ukuta. Renault yake haikuwa na kasi ile, ila ilifika.

Ningekuwa bosi wa timu, ningemchukua Räikkönen, na injini ya Renault.