Kozi ya picha kwa wanaoanza: nimelipia masomo 12, yamenifaa matatu

Mimi ni mtu wa sindano na uzi. Nafuma pochi za kroshia na kutunga hereni za shanga, na picha za kuuzia nilikuwa nazipiga usiku, kazi ikishaisha, chini ya balbu ya sebuleni. Siku moja pochi ikarudishwa. Mteja aliagiza ya rangi ya krimu, akapokea nyeupe. Sikuweza hata kubishana naye, maana kwenye picha ilikuwa krimu kweli. Ndipo nikalipia kozi ya mtandaoni.

Somo la mwanga peke yake lilirudisha nusu ya hela yangu. Tuliambiwa tuzime taa zote, tusogeze meza dirishani, mwanga uingie kutoka ubavuni. Kumbe mwanga nao una rangi: balbu ya manjano iko karibu na kelvini 3000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga wa mchana karibu 5500, na ukichanganya viwili hivyo kamera haiwezi kuvisahihisha vyote kwa mpigo. Pazia jepesi linalainisha mwanga, kadibodi nyeupe upande wa pili inaurudisha kwenye kivuli. Basi. Kwa mara ya kwanza fundo za kroshia zilionekana moja moja, kwa kuwa mwanga wa ubavuni huacha kivuli chembamba kati ya fundo na fundo. Flashi yangu ya mbele ilikuwa inavifuta vivuli hivyo, pochi inabaki bapa kama imechorwa.

La pili lilinishangaza zaidi. Kamera hukisia kwamba kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, yaani kijivu. Ukiiwekea hereni nyeupe juu ya karatasi nyeupe, inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na picha inatoka kama imefukizwa moshi. Dawa yake ni kuongeza mwanga, +1 au zaidi kidogo kwenye kipimo cha +/- cha kamera. Kitambaa cheusi ni kinyume chake, unapunguza. Mimi miezi yote hiyo nilikuwa nalaumu karatasi.

Tundu la lenzi ndilo la tatu. Nilikuwa na lenzi ya milimita 50 nikiifungua hadi f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na ukungu unazidi), nikiamini ukungu wa nyuma ndio utaalamu. Matokeo yake hereni moja inaonekana vizuri, pacha wake amezama kwenye ukungu. Sasa napiga f/8, tundu dogo linaloonyesha hereni zote mbili vizuri, kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu, na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise. Mteja anataka kuona ndoano ya hereni imefungwaje.

Masomo mengine tisa yanahusu sura za watu, milima, hata nyota za usiku. Ni mazuri kwa anayetaka kuwa mpigapicha. Mimi nilikuwa nafuma huku nikiyasikiliza.

Ninacholalamikia hasa ni usahihishaji. Kazi za nyumbani zilichukua wiki kadhaa kurudi, na majibu yalifanana mno. Nilituma kwa bahati mbaya picha yenye kidole gumba changu kwenye kona, nayo ikasifiwa. Halafu kozi nzima inachukulia kwamba una kamera, wakati wengi tunaoanza tuna simu tu. Hakuna aliyetuambia kwamba kwenye simu nyingi unagusa bidhaa kwenye kioo, kisha unatelezesha kidole juu kuongeza mwanga, na tatizo la kijivu linaisha. Hilo nililigundua mwenyewe.

Ningelipa tena? Kwa bei ya masomo matatu, ndiyo. Kama una simu tu, anza na dirisha na kadibodi kwanza, mwezi mzima, ndipo ufikirie kulipia chochote.

Ile pochi iliyorudishwa niliipiga upya saa nne asubuhi, karatasi nyeupe pembeni yake. Imeuzwa kama nyeupe.