Kliniki iliyonisaidia kuamua kuhusu dawa za sonona

Kwa mwaka mmoja na ushei nimehudhuria kliniki ya binafsi ya afya ya akili jijini Dar es Salaam, nikitumia sertraline, dawa ya sonona, miligramu 100 kwa siku. Ninaandika hapa kuhusu sehemu moja tu ya huduma yao, yaani namna walivyonisaidia kuamua kama niache dawa au niendelee nayo.

Siku nilipolileta jambo hili, nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilikuwa nalala vizuri, nimerudi kazini, na nyumbani walikuwa wananiuliza kila mara kwa nini mtu aliyepona bado anameza vidonge. Daktari hakunibishia, lakini pia hakukubali papo hapo. Aliniuliza sonona imeniingia mara ngapi maishani, ni mambo gani mazito yananingoja miezi ijayo, na nimekuwa mzima tangu lini. Swali hilo la mwisho ndilo lililobadili hesabu yangu: mimi nilihesabu miezi 10 tangu kidonge cha kwanza, ilhali yeye alihesabu tangu dalili zilipokwisha, na kwa hesabu hiyo nilikuwa na miezi 4 tu, chini ya ile 6 ambayo huhimizwa mtu aendelee na dawa, kwa uchache, baada ya dalili kwisha.

Kilichonijengea imani zaidi ni kwamba alinieleza hatari ya kila upande. Alinitajia utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia watu waliokuwa wametumia dawa hizi kwa muda mrefu na kujiona wako tayari kuziacha: katika wiki 52, asilimia 56 ya walioondolewa dawa walirudiwa na sonona, na miongoni mwa walioendelea nayo ni asilimia 39. Akasisitiza kwamba wengi kati ya hao walikuwa wameugua zaidi ya mara moja, tofauti na mimi, na kwamba takwimu hizo hizo zinaonyesha kuwa wapo wanaoacha salama na wapo wanaorudiwa hali wakiwa wanameza dawa.

Nilimsimulia pia jinsi nilivyowahi kuishiwa dawa safarini kwa siku 4, nikapata kizunguzungu, ndoto za kutisha na mshtuko kama wa umeme kichwani kila nilipogeuza macho, nikaamini kwamba ugonjwa umerudi. Alinieleza kwamba dalili zinazoanza ndani ya siku chache, zikiambatana na mambo ya mwili kama hayo, kisha zikatulia upesi mtu anaporudia dozi, kwa kawaida hutokana na kukatiza dawa, na kwamba sonona yenyewe hurudi polepole, kwa wiki au miezi. Laiti ningeelezwa hayo siku ya kwanza niliyoandikiwa dawa.

Tulisubiri miezi 3, kisha tukaanza kushuka: 75, halafu 50, halafu 25, kila hatua wiki 4 au zaidi. Hatua za chini ndizo zinazotakiwa kuwa ndogo, kwa kuwa dozi ikishapungua, kila miligramu inayoondolewa huwa na athari kubwa zaidi katika ubongo.

Hapo ndipo kasoro ya huduma inapoonekana. Duka la dawa la kliniki lina vidonge vya miligramu 50 pekee, hivyo mgonjwa hukata mwenyewe kwa wembe, na robo zangu za majaribio zilisagika bila kulingana. Kliniki inayopanga dozi kwa uangalifu namna hiyo ingepaswa kuwa na kifaa cha kukatia. Foleni nayo ni ndefu. Sijawahi kungoja chini ya saa moja.

Sasa niko kwenye miligramu 25, wiki ya 6. Wiki ya 2 nilikuwa na hasira za haraka na usingizi wa mang'amung'amu, muuguzi akanipigia simu mara mbili, tukakubaliana nisishuke kwanza. Katika miadi ijayo tutalipitia daftari langu la usingizi, na hapo ndipo tutakapoamua kama ninashuka hadi 12.5 au ninabaki nilipo.